Ridhaa Isiyotetemeka

Mbuzi alipita darasani wakati Mwalimu Hildebrandi Ndunguru ameuelekea ubao na kuwapa vijana mgongo. Aliingia kwa mlango wa mbele, akakata kati ya madawati, akampiga kikumbo Otmari Nchimbi hadi akaketi sakafuni, kisha akatokea mlango wa nyuma. Aliyemfuata mbio ni Mama Gaudensia, mpishi wa kituo, mwiko mkononi, akimtolea mnyama yule maneno yasiyofaa kurudiwa mbele ya watoto wa watu. Vijana wote kumi na wawili walicheka wakashika mbavu. Mwalimu hakucheka. Aligonga meza kwa kifundo cha kidole, mara moja tu, na kicheko kikakatika kama uzi.

Kesho yake aliwaamuru wavae tepe zao vichwani. Kila utepe uliunganishwa na kioo kidogo kilichosimama juu ya dawati, na ndani ya kila kioo ulipita mstari mmoja wa kijani. Aliyetulia, mstari wake ulinyooka. Mwenye hofu, au anayeshindana na nafsi yake, mstari wake ulitetemeka.

"Jana alipita mbuzi humu," alisema. "Nataka mnieleze: kamba iliyokuwa shingoni mwake ilikuwa ya rangi gani?"

Mbuzi yule hakuwa na kamba. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeifungua nyuma ya jiko, baada ya kupatana na Mama Gaudensia.

"Nyekundu, Mwalimu," alisema kijana wa kwanza.

"Nyekundu, Mwalimu," akafuata wa pili.

"Nyekundu iliyochakaa," aliongeza Kolumba, msichana aliyependa kuonekana mwangalifu.

Otmari alikuna kichwa chini ya utepe. "Mimi nilikuwa sakafuni, Mwalimu. Lakini rangi yoyote utakayoona inafaa, basi ni hiyo hiyo."

Darasa lilicheka. Kifundo cha kidole kikagonga meza.

Moyoni Mwalimu aliridhika, kwa maana somo lilikuwa limekwenda kama alivyolipanga. Akawaeleza kwamba kumbukumbu si sanduku ambalo mtu hufungua na kukuta kila kitu mahali alipokiweka. Kumbukumbu ni udongo wa mfinyanzi. Kila unapoutoa unaufinyanga upya, na mkono wa anayekuuliza huacha alama juu yake. "Hakukuwa na kamba," alisema. "Swali langu ndilo lililoifunga shingoni."

Msichana wa dawati la mwisho akainua mkono. Huyu alikuwa Adeltruda Kapinga, mjukuu wa Mwalimu kwa marehemu binti yake, ambaye alimlea tangu hajaota meno. Nyumbani alimwita Babu. Darasani alikatazwa.

"Naomba kusema, Mwalimu. Hatukukumbuka vibaya. Tulijua hakuwa na kamba."

"Nani alijua?"

"Wote."

Mwalimu aliwatazama mmoja mmoja. Wote waliinamisha vichwa, kama watu waliofumaniwa wakila kabla ya mgeni.

"Basi mbona mkasema nyekundu?"

"Ungeonekana umekosea, Mwalimu," alisema Truda. "Mbele ya watu."

Hapo ndipo Mwalimu Hildebrandi alipoviangalia vile vioo. Vijana kumi na mmoja walikuwa wamemwambia uongo wakijua ni uongo, na mistari yao yote ilikuwa imenyooka kama rula. Akaketi. Tangu aanze kufundisha hapakuwa na mtu aliyewahi kumwona ameketi kipindi hakijaisha.

*

Katika zama zile kila kitu kilikuwa kimeandikwa, na kila kilichoandikwa kilidai kusomwa. Bomba la maji halikufunguka mpaka mtu asome masharti yake na kuyathibitisha. Dawa haikutoka katika kasha lake. Hata lango la ghala la kahawa lilimsomesha mtu kabla ya kumpitisha. Kwa wale ambao herufi ziliwakimbia, au ziliwachezea machoni kama mbu wa jioni, Baraza la Usomaji lilikuwa na punje: kitu kidogo kuliko mbegu ya ulezi, kinachopandikizwa nyuma ya sikio. Macho yakiangukia andiko, punje hulisoma, na maana yake huzuka kichwani kwa sauti ya mwenye kichwa mwenyewe. Haikuwa kama kuambiwa. Ilikuwa kama kuwaza.

Sheria ilikataza punje kuwekwa bila ridhaa, na ilisema pia kwamba hakuna awezaye kuridhia jambo la akili asiyoijua. Kwa hiyo Baraza liliagiza kila kijana asiyesoma apelekwe kituoni na kufundishwa saikolojia kabla ya kuulizwa, tena afundishwe kwa vitu vya kushika na kutenda, si kwa kitabu. Mwalimu Hildebrandi alirudishwa kutoka katika kustaafu kwake kwa sababu hiyo. Alijiandaa kama alivyojiandaa kwa kila kazi maishani mwake, bila kulalamika na bila kubakiza. Aliwafundisha mazoea kwa kuwahamishia mlango wa darasa na kuwaacha wagonge ukuta. Aliwafundisha hofu kwa gunia lenye mananasi, ambalo aliwaambia lina nyoka. Walikuwa wanafunzi wazuri kuliko wengi waliosoma. Walishika jambo kwa sikio na kwa mkono, na walishika kwa kudumu.

Waliounda kipimo cha utepe waliamini kwamba mtu anayesema asilolitaka hutetemeka ndani. Mstari ulionyooka ukaitwa ridhaa. Watu hao hawakulelewa huku milimani Umatengo. Hawakujua kwamba kuna mtoto ambaye kumwitikia mkubwa wake ndiko kutulia kwenyewe. Kwamba ukimuuliza mtoto wa namna hiyo kama anakubali, atasema ndiyo, na moyo wake utalala usingizi mnono. Mwalimu alilijua hilo. Alikuwa amewalea hivyo yeye mwenyewe, na wazazi wao kabla yao, na alikuwa ameona fahari.

*

Jioni hiyo alirudi nyumbani na Truda kwa njia ya katikati ya ngoro, yale mashamba ya mashimo ya mteremkoni, mahindi yakiwa yamewafika mabegani. Penye uzio wa ghala walimkuta Osmundi Haule, kijana aliyewahi kuwa kiongozi wa ngoma ya mganda pande zile zote. Osmundi hakuwahi kusoma neno, lakini alitunga nyimbo za kuwasema watu, na wengine walihama njia wasikutane naye. Mwaka uliopita alikuwa amewekewa punje.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Osmundi. Ngoma inaendeleaje?"

Osmundi alitabasamu kwa upole. "Ngoma imeniisha hamu, Mwalimu. Naona siku hizi kahawa bora huanza na mikono safi."

Alilisema neno hilo taratibu, kwa hisia, kama mtu anayetoa siri ya moyo wake. Nyuma yake yalikuwapo magunia, na juu ya kila gunia maneno yale yale yalikuwa yamepigwa chapa.

"Na mimi je, hutanitungia tena?" aliuliza Truda. "Uliahidi wimbo wa Babu na fimbo yake."

Kitu fulani kilipita usoni pa Osmundi, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa ng'ambo ya mto. Akafungua mdomo. Kisha macho yake yakapanda juu ya uzio, na uso ukatulia.

"Nafikiri niende sasa," alisema. "Si vema kusimama hapa."

Akaenda. Truda alimwangalia mpaka alipokunja kona, halafu akageuka kuutazama uzio. Palikuwa na kibao pale, chenye maneno meupe.

"Pameandikwa nini, Babu?"

"Hakuna cha maana."

Wakaendelea na njia. Mababu wengine wa kijiji kile waliwaita wajukuu wao wa kike wake zao, wakataniana nao kutwa, wakaibiana mihogo motoni. Mwalimu hakuwahi kuuona utani huo kuwa na faida.

"Unaponisomea, Babu," alisema Truda, "huwa unanisomea yote?"

"Nakusomea yanayokufaa."

"Ndiyo, Babu," alisema Truda.

Mwalimu alimwangalia kwa pembe ya jicho. Siku zote jibu hilo lilimpendeza. Siku ile lilimtia baridi, kwa sababu hakuwa na njia ya kujua lililo chini yake.

*

Aliamua kuwafundisha kukataa. Aliwaeleza wazi kabisa: Mpimaji wa Baraza atakuja, atawauliza kama wanakubali punje, na wao wanaweza kusema hapana, na wakisema hapana, hakuna wa kuwalazimisha. Akawaeleza habari za Osmundi, bila kulitaja jina lake. Kisha akawafanyisha mazoezi.

"Otmari. Je, unakubali kulala zizini kwa Mama Gaudensia leo, pamoja na yule mbuzi?"

"Ndiyo, Mw..." Otmari alijizuia. "Hapana, Mwalimu."

"Tena."

"Hapana, Mwalimu."

"Kolumba. Unakubali kunyolewa nywele zote?"

"Hapana, Mwalimu."

Walichangamka. Baada ya wiki kadhaa walikuwa wakikataa kwa pamoja, kwa sauti moja, kama waitikiaji wa litania: kulala zizini hapana, kula ugali wa mchanga hapana, punje hapana. Mama Gaudensia, aliyewasikia kutoka jikoni, alisema sasa hao watoto watamkatalia hata chakula. Lakini Mwalimu alivitazama vioo. Mistari ilikuwa imenyooka kama zamani.

"Otmari," alisema, "kwa nini umekataa?"

"Umetuambia tukatae, Mwalimu."

Maji yalikuwa yale yale. Alichobadilisha ni chungu. Mwalimu alilielewa hilo wakati huo huo, mchana kweupe, mbele ya ubao wake. Alielewa pia kwamba hapana iliyonyooka ilikuwa halali mbele ya sheria sawa na ndiyo iliyonyooka, na kwamba wangeokoka wote kwa utiifu ule ule uliokuwa karibu kuwaangamiza. Alikuwa mtu aliyewahi kumrudisha mwanafunzi darasa la nyuma kwa kunakili jibu moja. Kisha akaufuta ubao uliokuwa hauna kitu, akaacha mambo yabaki yalivyo.

"Naomba kuuliza," ilisema sauti ya dawati la mwisho. "Mtu akitaka kukubali je?"

Vichwa vyote viligeuka.

"Hutaki," alisema Mwalimu.

"Hujaniuliza."

"Adeltruda. Kaa chini."

Truda aliketi. Katika kioo chake mstari ulikuwa ukiruka kama samaki kwenye tenga. Mwalimu alikwenda mwenyewe hadi pale, akakilaza kioo kifudifudi.

*

Mpimaji aliitwa Bi Zamda Chilumba. Alikuwa mwanamke mwenye umri wa kuwa binti yake, mpole, mwenye viatu vilivyojaa tope jekundu la mlimani. Alimwamkia Mwalimu kwa heshima zote, akapokea chai, akamsifu Mama Gaudensia kwa maandazi. Halafu akaviunganisha vioo vyote na kioo chake kikubwa, akawasimamisha vijana mmoja mmoja.

"Unafahamu punje ni nini?"

"Ni kitu kinachosoma ndani ya kichwa," alijibu Otmari. "Kikisoma, mtu hadhani amesomewa. Hudhani amewaza."

Mpimaji alishangaa kidogo. Vijana wa vituo vingine hawakujibu hivyo. "Unakubali kuwekewa?"

Otmari hakumtazama Mpimaji. Alimtazama Mwalimu. "Hapana."

Mstari ulinyooka. Mpimaji akasema amelikubali jibu. Kolumba alikataa, mstari ukanyooka. Wakafuata wengine, na kila mmoja kabla ya kujibu alipeleka macho kwenye kona alikosimama Mwalimu, na kila mmoja alitulia alipoyafikisha. Kumi na mmoja walikataa.

Truda alisimama wa mwisho. Hakuyapeleka macho yake kwenye kona ile.

"Unakubali kuwekewa?"

"Nakubali."

Mstari ulitetemeka. Ulipanda, ukashuka, ukajaza kioo kizima.

"Unajua gharama yake?" aliuliza Mpimaji.

"Najua. Namfahamu mtu aliyekuwa mtunzi, sasa anasema yaliyoandikwa kwenye magunia. Huenda na mimi nikawa hivyo. Naogopa sana." Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini haikukatika. "Ila nimechoka kusomewa. Anayenisomea ndiye anayechagua nijue nini."

"Truda," alisema Mwalimu.

Ndipo alipogeuka. "Unaogopa punje itaweka sauti mahali pa sauti yangu, Babu. Sauti iliyomo tangu utoto ni yako. Nikikaa vibaya naisikia. Nikitaka kucheka naisikia. Hata sasa hivi inaniambia nyamaza. Hiyo punje, angalau nitaijua siku iliyoingia."

Mafuta ya maandazi yakasikika yakichemka jikoni. Mpimaji alikitazama kioo chake, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mstari ukitetemeka namna hii, Mwalimu, sheria inasema ridhaa si yake mwenyewe. Uamuzi unarudi kwa mlezi. Mlezi ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ukikataa, basi. Ukikubali, atawekewa, lakini itakuwa punje ya ulezi. Ina ufunguo, nao hukaa kwako. Andiko ambalo hujaliruhusu halitamfikia." Akasita. "Ipo njia ya tatu. Kama una sababu ya kuamini kwamba kipimo kimekosea, kwamba kutetemeka kwake ndiko ridhaa ya kweli, niambie. Nitasimamisha kazi. Lakini kipimo kikitiliwa shaka kwa mmoja kimetiliwa shaka kwa wote. Hawa wengine itabidi waulizwe upya, makao makuu ya mkoa, bila wewe kuwapo."

"Na huko huulizwa na nani?"

"Wajumbe wa Baraza. Watu wazima, kama wewe." Alishusha sauti. "Sijaona kijana aliyewakatalia."

Mwalimu Hildebrandi aliwatazama wale kumi na mmoja. Walikuwa wameketi wamenyooka, na macho yao yote yalikuwa kwake, yakingoja kuambiwa la kufanya. Mbele ya mjumbe mwenye mvi wangesema ndiyo, na wangetulia kabisa.

"Mwambie, Babu," alisema Truda. "Wewe unajua ni nani aliyejibu humu ndani leo."

Alijua. Miaka yote ya ualimu wake alikuwa akisema kwamba kweli haina mzani mwingine isipokuwa kweli. Angeweza kuisema sasa kwa sentensi moja, na mjukuu wake angesimama mbele ya sheria kama mtu kamili, na kumi na mmoja wangepotea wakiitikia. Angeweza kukataa, na mtoto akarudi nyumbani kusomewa yanayomfaa.

"Kipimo hakijakosea," alisema.

Truda hakulia. Alimtazama tu, kwa makini, kama anayemtambua mtu kwa mbali.

"Basi mlezi anasemaje?" aliuliza Mpimaji.

"Mlezi anakubali."

Alijiambia kwamba amempa walau nusu. Alijiambia kwamba ufunguo huo atauacha wazi daima, hatafunga hata neno moja. Huku akijiambia hivyo, kibao cha kwenye uzio wa ghala kilikuwa kimekwisha kumjia akilini, na mkono wake umekwisha kukifunga.

Kazi yenyewe haikuchukua muda. Mpimaji alimsafisha msichana nyuma ya sikio, akabonyeza chombo chake, akabandika pamba. Kisha akamvisha Mwalimu bangili nyembamba ya chuma, ndiyo ufunguo wenyewe, kwenye kifundo cha mkono. Ilikuwa baridi, ikapata joto upesi mno.

"Kwa mwanzo yote yamefungwa," alieleza. "Tunafungua moja moja. Tuanze na lipi? Alama za barabarani, dawa, vitabu, habari za watu? Niambie la kwanza aruhusiwe kusoma nini."

Mwalimu aligeuka. "Truda," alianza, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyezoea kuuliza, "wewe ungependa..."

"Samahani, Mzee," alisema Mpimaji. "Jibu lake halitaingia. Ninayemuuliza ni wewe."

Truda alikuwa ameketi pamoja na wenzake, mgongo wima, mikono magotini, mdomo umefungwa, vile vile Mwalimu alivyomfundisha kwamba mtoto anapaswa kukaa wakubwa wakizungumza.